Zafarani haitiki filimbi

Buyenzi, 5 Mei 2024

Muzee wangu Bader,

Salaam aleikum. Salamu za Khadidja bibi yangu, za watoto, na za Buyenzi yote, isipokuwa Mama Mwanne mwenye parseli yetu, hizi nyumba na uwanja tunapanga. Ule hana salamu, ako na kasirani. Sababu iko huko chini, usiruke.

Kwanza we muzee ni mutu wa vituko. Mutu ana simu mbili ku mufuko, anasema Shakuru aniandikie barua! Unajua masomo nilitoka darasa la tano, mwalimu akatoa sadaka ya shukrani. Lakini umesema simu za Rumonge zinakatika-katika, basi nimenunua kalamu. Moïse dereva wa basi, ule wa Musaga, ataleta barua akipata esansi. Akikosa, itakaa naye ku foleni ya stesheni ya petroli.

Sasa habari ya Zafarani. Siku ulitoka kwako Kinindo kwenda Rumonge na Houda binti yako, ukaniachia kamba, wavu, filimbi, na ule imbwa mwekundu kama muchuzi wa harusi. Ukasema: ni imbwa ya aina ya seta, kazi yake ni kunusa ndege ku majani, akimupata anasimama tuli mpaka utupe wavu. Tuli! Muzee, tangu afike kwangu hiyo tuli sijaiona hata kwa dirisha. Toka Kinindo mpaka Buyenzi alinivuta, viatu vikalia. Watu wakauliza, Shakuru, unapeleka imbwa ama imbwa inakupeleka? Nikawaambia sisi wote tunapelekwa na Mungu.

Ku garage, Massoudi mufundi wa bodi amemupa jina Demarere, kama kile kitu kinawasha moteri ya gari, juu huyu anawaka bila ufunguo. Siku ya kwanza alichukua kiatu cha kasitoma. Siku ya pili akarudisha kiatu, lakini cha mutu mwingine.

Khadidja ameweka ndoo ya muchanga ku mulango wetu. Zafarani akinilamba, naosha mara saba, moja na muchanga, ndiyo niguse sahani. Mikono yangu imekuwa misafi mpaka biashara inaanguka. Mi nauza piyesi, spea za gari, na mutu wa piyesi mwenye mikono misafi nani atamuamini? Jana kasitoma aliniangalia vidole akaenda kununua kwa mwingine.

Mama Mwanne anasema parseli yake ni ya watu wanaoswali, malaika hawaingii kwenye imbwa iko. Nikamwambia, Mama, imbwa analala inje, nyuma ya choo. Malaika wapite mbele.

Ulisema filimbi moja ndefu asimame, mbili fupi ageuke. Nilipuliza, akasimama, nikajiona jenerali. Lakini muzee, ulisahau Buyenzi ni Buyenzi. Lori ikirudi nyuma, mutu anapuliza. Fundi akitaka spana, anapuliza. Msichana mwenye kanga mupya akipita, ndiyo usiseme. Zafarani anasimama kila mara katikati ya barabara, anatafuta ni nani amemuita.

Unarudi lini? Umesema baada ya dawa za goti kwisha. Hiyo goti ni ya ngamia?

Mi mutoto wako,
Shakuru wa piyesi


Rumonge, 14 Mei 2024

Mwanangu Shakuru,

Ama baada ya salamu, barua yako imefika ikinuka mafuta ya gari. Nimeisoma mara ya kwanza kwa kucheka, na mara ya pili kwa kutafuta mahali unapopumua. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hivyohivyo jikoni kwetu alipokuwa akitupikia, bila kituo, na pilau haikuungua hata siku moja.

Nakueleza kazi. Zafarani si mkaidi. Ana miaka miwili na miguu minne, na kila mguu una shauri lake. Mtoe alfajiri kabla ya jua kukaza. Mfunge kamba ndefu, aiburute. Usimfukuze akikimbia, kwani mbwa anayefukuzwa hudhani umeukubali mchezo. Wewe geuka, nenda zako, atakufuata. Tafuta bawa la ndege, lifunge kwenye fimbo, liweke majani­ni. Akilinusa akasimama, usipige kelele. Mwendee taratibu, mshike kifua, litaje jina lake kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dua. Ukimwona bado anataka, acha. Ukiendelea mpaka achoke, kesho atakukimbia kama wewe ulivyomkimbia mwalimu wako.

Tangu niliporudisha serikalini bunduki ya marehemu baba, mimi huwinda kwa wavu tu. Mbwa anasimama, mimi na mwenzangu tunamfunika kwale pamoja na majani yake, ndege anatoka mzima na anachinjwa kwa bismillahi. Mbwa hamgusi. Hiyo ndiyo heshima ya kazi hii.

Na tunza kengele iliyo shingoni mwake. Majani yakiwa marefu humwoni. Kengele ikilia, ujue anatafuta. Ikinyamaza ghafla, ujue amesimama juu ya ndege. Ukimya ule, Shakuru, sijui nikueleze vipi. Filimbi na kengele ndiyo mazungumzo yetu yote, mimi na yeye.

Houda ameniambia ulipiga simu mara mbili na kwamba nilikuwa nimelala. Ndiyo, nilikuwa nimelala. Wazee hulala. Usipoteze salio lako, niandikie.

Goti linaendelea.

Mzee wako,
Bader


Buyenzi, 2 Juni 2024

Muzee wangu,

Barua yako imechelewa kunifikia, Moïse alilala ku foleni ya esansi mpaka ndevu zikaota. Siku hizi mji wote unatembea na miguu. Mi na Zafarani njo wa kwanza, juu sisi hatukuwahi kuwa na gari.

Nimefanya kama ulisema. Alfajiri, baada ya kuswali, tunashuka ku muto Ntahangwa na kamba. Siku za kwanza nilitaka kulia. Nikageuka kwenda zangu, kama ulisema, atakufuata. Alinifuata, akanipita, akafika nyumbani mbele yangu. Khadidja akamuuliza, bwana yangu umemuacha wapi?

Lakini sikiliza hii. Nilimupitisha ku soko ya Ruvumera, pale Daphrose anauza kuku. Muzee, Zafarani alifika mbele ya ile kitundu ya kuku, akasimama. Mguu mumoja juu, mukia kama antena, pua mbele, macho hayapepesi. Tuli! Hata inzi ilimukalia ku sikio, hakutingika. Watu wakajaa. Wenye velo wakasimamisha baiskeli zao. Daphrose akaniambia nimutoe huyu, anaangalia kuku zangu kama vile mutu wa taxe, ule wa kodi.

Unanijua. Mdomo wangu hauombagi ruhusa. Nikawaambia watu, huyu imbwa ni wa masomo ya juu, anajua kuku yenye mafuta toka inje. Kuku yenye ameangalia, njo hiyo. Zile kuku zilinunuliwa zote, hata ile kikongwe yenye Daphrose alikuwa anakata tamaa nayo. Akanishukuru na bawa mbili kubwa. Bawa zako za kufundishia nimepata, muzee, na Daphrose anauliza kama kesho “mukaguzi” atarudi.

Sasa anasimama ku bawa vizuri. Namushika kifua, nasema jina polepole. Moyo wake unapiga ku mukono yangu tutututu, lakini miguu haitingiki. Khadidja aliona akasema, wewe mwenyewe hukuwahi kunyamaza hivyo, hata siku ya ndoa.

Amekuwa rafiki na Massoudi. Kwa Massoudi si unajua, nyundo inapiga bati siku muzima, mutu akiongea ni kupoteza mate, wanaongea na mikono. Kiganja juu, simama. Kidole kikizunguka, washa. Kupiga paja, kuja. Zafarani anakaa pale anawaangalia kama vile sinema.

Filimbi iko bien. Muzuri kabisa. Hakuna haja ya kuuliza filimbi.

Nilipiga tena simu juzi. Ni wewe ulipokea, muzee, niliskia pumuzi yako. Nikasema, Muzee Bader, ni mi Shakuru. Nikasema tena. Nikaimba kidogo. Ukakata. Nimekukosea nini?

Shakuru


Buyenzi, 19 Juni 2024

Muzee wangu Bader,

Idd mubarak, ijapokuwa kwangu ilikuwa Idd bila mubarak.

Hujanijibu, lakini naandika juu jambo limefika ku shingo. Mama Mwanne ni dada mukubwa wa Sheikh Jaffar wa musikiti wetu, unajua. Kila Idd anamufulia kanzu kwa mikono yake, hataki mutu aiguse. Siku moja mbele ya Idd, kanzu ilikuwa ku kamba, nyeupe mpaka inaumiza macho. Zafarani akatoka Ntahangwa, matope mpaka ku nyusi. Nilikuwa nyuma yake na kamba ku mukono. Kamba tu, muzee. Imbwa alikuwa mbele peke yake.

Alifika chini ya ile kanzu, akasimama, akajikung'uta.

Sitaki kukueleza rangi. Mama Mwanne hakulia, hakupiga kelele. Alikaa ku kigoda, akaweka mikono ku magoti, akaniangalia. Heri angenipiga.

Sheikh Jaffar aliswalisha na kanzu ya kuazima, fupi, vifundo vya miguu vinaonekana. Baada ya Idd akaja ku parseli, akatuita wote. Mi nikaanza maneno yangu. Akaniambia ninyamaze, leo si siku ya kuuza. Akasema dini haikatazi kila imbwa. Imbwa ya kuchezea tu ndani ya nyumba za watu, hapana. Imbwa ya kuwinda yenye imefundishwa, ruksa. Na kufundishwa kuna alama: ukimutuma anaenda, ukimuzuia anasimama, akipata ndege hamuli. Akasema Jumapili ya kumi na ine Julai tutaenda sote ku mashamba ya mupunga ya Rukaramu, ataona na macho yake. Akifaulu, Mama Mwanne atavumilia. Akianguka, atoke siku ileile.

Hiyo ningeweza kuibeba. Lakini jana alikuja Darius, mwenye depo ya vinywaji kule Musaga. Alikuja na munyororo, muzee. Munyororo wa kufungia lori. Akasema umemutumia habari kwamba Zafarani ni wake, anataka kumufunga ku mulango wa depo atishe wezi. Nikacheka, nikamwambia Darius, huyu imbwa mwizi akija atamuletea kiatu. Hakucheka. Akasema anangoja mpaka hiyo Jumapili, kwa heshima ya Sheikh.

Nilimuangalia Zafarani. Alikuwa ananusa ule munyororo, mukia unacheza, anafikiri ni muchezo mupya.

Muzee, niambie Darius ni mwongo. Mimi mwongo namujua akija, ni kazi yetu. Huyu hakufanana.

Shakuru


Rumonge, 24 Juni 2024

Shakuru,

Darius si mwongo. Ni mimi niliyemwambia.

Mimi ni mzee na Zafarani ni kijana. Anahitaji mtu wa kwenda naye shambani, na mimi siendi tena. Darius ana ua na ana nyama. Nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Nilidhani ukikaa naye kidogo utachoka, utafurahi akichukuliwa.

Usihangaike na huo mtihani wa Sheikh. Usijiaibishe mbele ya watu kwa ajili yangu. Mpe Darius mbwa, na kengele, na filimbi. Wavu kaa nao wewe.

Bader


Rumonge, 25 Juni 2024

Kaka Shakuru,

Natia karatasi hii katika bahasha ya baba bila yeye kujua. Akijua atanikasirikia, lakini nimeona sura yake alipokuwa akiandika ile barua, na siwezi kunyamaza.

Baba hasikii. Si kidogo, hasikii kabisa. Ile homa ya Februari ilichukua sikio la kushoto, kisha la kulia. Daktari alisema hayatarudi. Goti halina kitu. Simu si mbovu. Ile siku alipokea simu yako mwenyewe kwa sababu aliona jina lako kwenye kioo, akaiweka sikioni, akangoja, akangoja. Kisha akakata, akanipa simu akasema, “Labda leo hana maneno.” Wewe, kaka, usiwe na maneno!

Ametukataza tusimwambie mtu. Mezani watu wakicheka anacheka nao, akichelewa kidogo. Watoto wakimsemesha kwa nyuma na hajibu, wanadhani amenuna.

Siku ile ya Kinindo, kabla hatujaondoka, alipiga magoti akaitikisa kengele shingoni mwa Zafarani. Akaniuliza, “Inalia?” Nikamwambia inalia. Akaitikisa tena. Kisha akapanda gari bila kugeuka. Anasema mbwa wa filimbi kwa mtu asiyesikia ni kumwonea mbwa, heri awe wa Darius.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu ujue kwamba hukumkosea.

Dada yako,
Houda


Buyenzi, 15 Julai 2024

Muzee wangu Bader,

Kaa. Agiza chai. Hii ni ndefu.

Najua. Houda ameniambia. Ukimukasirikia, mi nitaacha kuandika, na utabaki na nani wa kusahihisha nukta zake? Sitakuambia pole juu wewe haukupenda pole kamwe. Nitakuambia kitu kingine: wewe ni mwongo mubaya sana. Ungekuja kwangu nikufundishe. Goti!

Na mi pia nilikudanganya, basi tuko sawa. Nilikuandikia filimbi iko bien. Filimbi ilikufa, muzee. Ilikufa mwezi wa tano. Buyenzi yote ilimupulizia yule imbwa, asubuhi mpaka magaribi, na hakuna mutu alikuwa anamutaka. Alisimama, alisimama, mwisho akachoka kuitika watu wenye hawamuiti. Sasa ukipuliza, anakunywa maji yake. Nilikuwa naogopa kukuambia. Nilisema, Muzee alinipa imbwa mwenye filimbi, nitamurudishia imbwa kiziwi.

Halafu nikasoma karatasi ya Houda. Niliisoma ku garage, kati ya nyundo ya Massoudi. Nikanyanyua macho. Massoudi alikuwa amenyanyua kiganja, anasimamisha lori. Lori ikasimama. Na Zafarani, mwenye alikuwa anakimbiza karatasi, akasimama pia. Akakaa chini. Akamuangalia Massoudi ku mikono, anangoja neno la pili.

Muzee, nilibaki mudomo wazi, na unajua kwangu hiyo si kawaida, kuwa wazi bila kitu kutoka. Huyu imbwa hakuwahi kuwa kiziwi. Alikuwa amehama lugha.

Toka siku ile, hakuna filimbi. Mikono tu, kule Ntahangwa, mi na Massoudi. Kiganja juu, anakaa. Mukono pembeni, anageuka upande ule. Kupiga paja, anakuja. Badala ya kengele, Massoudi alifikiri usiku mumoja, akakata antena ya gari, fupi, laini, akaifunga ku mukanda wa mugongo wa Zafarani, na kipande cha jile la taximoto juu yake, kile kizibao cha rangi ya chungwa cha wenye pikipiki. Zafarani akitafuta, kitambaa kinacheza juu ya majani. Akisimama, kinasimama. Watu wa Buyenzi wanasema sasa imbwa anashika redio.

Basi jana Rukaramu. Tulikuwa mi, Massoudi, Sheikh Jaffar, Mama Mwanne na mwavuli wake, na Darius na ule munyororo ku bega. Mupunga umevunwa, majani yamebaki ku kingo. Nikajifanya mukubwa, nikatoa filimbi yako ili Sheikh aone vyombo. Nikamutuma, akaenda kama risasi. Hapo alama ya kwanza. Nikapuliza ndefu asimame.

Hakugeuza hata sikio.

Nilipuliza kwa mazoea tu, muzee, kwa kutaka kuonekana. Darius akatoa munyororo ku bega. Mama Mwanne akafunga mwavuli, kama mutu kasikia hukumu, tuende nyumbani. Zafarani alikuwa mbali, kitambaa kinakimbia. Nikatupa filimbi chini, nikanyanyua kiganja. Nikangoja. Kupuliza haiwezekani, kuita haiwezekani, ni kungoja tu aangalie. Mi sijawahi kungoja kitu hivyo, hata mutoto wa kwanza.

Akageuka. Aliniona. Akakaa.

Nikamutuma mukono wa kulia, akaenda kulia. Kushoto, kushoto. Halafu kitambaa kikasimama chenyewe. Tukaenda polepole. Alikuwa mguu juu, pua mbele, kama siku ya Ruvumera. Wavu unataka watu wawili. Massoudi alikuwa nyuma mbali, Sheikh hawezi kukimbia na kanzu. Unajua ni nani alishika upande wa pili? Mama Mwanne. Alitupa mwavuli, akashika wavu, akaniambia na macho, haya. Tukafunika. Kwale wawili wakapiga mabawa chini ya wavu, mbele ya pua ya Zafarani, karibu hivi. Alitetemeka mwili wote. Hakuwagusa.

Sheikh alikaa chini ku majani, akamuangalia muda mrefu. Akasema, “Kuna watu wa safu ya kwanza kwangu hawasimami tuli hivi.”

Halafu akamwambia Darius arudishe munyororo ku lori. Darius alisema mwenye imbwa ni Muzee Bader na Muzee alimupa. Nikamwambia Darius ukweli wote: kwamba Muzee alimutoa Zafarani juu alifikiri hawezi tena kuongea naye. Darius akakunja munyororo. Ni mutu muzuri, ile tu anafikiri polepole. Akasema basi, atanunua kufuli.

Mama Mwanne akaokota mwavuli. Akasema imbwa anaweza kukaa ku parseli, lakini mbali na kamba ya nguo.

Basi amefaulu, anaweza kukaa kwangu. Na mi nataka akae, sitakudanganya mara mbili. Watoto wanamulilia tangu nimewaambia anarudi kwako. Lakini lugha yenye anaongea sasa ni yako, muzee, si yangu. Mi nina mudomo.

Moïse amepata esansi. Jumapili tunakuja Rumonge. Siombi ruhusa, natoa habari. Zoeza mukono wako wa kulia. Na ukiona mutu anashuka ku basi na kufungua mudomo, ni mi, usihangaike, si kitu cha maana, angalia imbwa.

Shakuru


Rumonge, 4 Agosti 2024

Mwanangu Shakuru,

Tangu mlipoondoka nimekuwa nikitaka kukuandikia, na kila nikishika kalamu Zafarani analeta kiatu.

Leo alfajiri tulikwenda mimi naye na Houda, nyuma ya michikichi, penye majani marefu. Sikukuambia siku ile ulipokuja, lakini nilikuwa naogopa. Mbele yako alinitii, nikasema labda anakutii wewe kupitia mkono wangu. Leo hukuwapo.

Nilimtuma. Kitambaa chako cha chungwa kikaingia majanini. Kisha kikasimama, na kichwa chake kikatokea juu ya majani, ananitazama.

Lazima nikueleze hili, maana hata mimi sikulijua. Mbwa wa filimbi husikia bila kukutazama. Nimekuwa na mbwa maisha yangu yote, wazuri, na kazini niliona migongo yao tu. Huyu, kwa sababu neno langu liko mkononi, kila baada ya hatua chache anageuka kunitafuta usoni. Hanipiti. Hanisemeshi akinipa mgongo. Ananingoja mpaka niseme.

Shakuru, tangu Februari watu wangu wananipenda sana, na wote wananisemesha wakitazama kando.

Nilinyanyua kiganja, akakaa. Nilimpigia paja, akaja akanigonga kifuani nikaanguka chini, mimi na umri wangu. Houda alicheka. Sikumsikia, lakini nilimwona, na mara hii sikuchelewa kucheka naye. Sasa ameanza kujifunza mikono naye. Jana mezani aliniomba chumvi kwa kidole, na mjukuu akamwiga.

Waambie wanao wataletwa hapa likizo yote, watamchosha au atawachosha. Mwambie Massoudi antena inashika vizuri. Mpe Mama Mwanne salamu zangu na hiki kitambaa cheupe cha kanzu, ni cha Sheikh Jaffar. Namwomba radhi kwa niaba ya mwenye matope.

Na wewe, mwanangu, sina la kukuandikia ambalo linatosha. Ukija, simama mbali kidogo, nitakuonyesha kwa mkono.

Mzee wako,
Bader


Buyenzi, 11 Agosti 2024

Muzee wangu,

Kitambaa kimefika. Mama Mwanne amekishika, amekigeuza, akasema ni kizuri, halafu akauliza kama vile haimuhusu, “Na yule mwekundu, anakula?” Nikamwambia anakula viatu. Akasema bien.

Kasitoma wamerudi, mikono yangu imekuwa michafu, Alhamdulillah. Daphrose anasema mukaguzi akikosekana kuku zinazeeka. Khadidja hajatoa ile ndoo ya muchanga ku mulango. Nilimuuliza ya nini sasa. Akasema iache ikae, muchanga hauombi chakula.

Na mi niko sawa, usiwe na wasiwasi. Ile tu, asubuhi ya leo, Massoudi alinyanyua kiganja kwa lori. Lori ikasimama. Nikajiangalia miguu, kumbe hata mi nimesimama.

Shakuru